Bado Yuko Njiani

Jumatatu, 7 Juni 1993

Nimetoka masjala saa tisa na nusu. Nimechota maji, nimebandika maharage, nimekaa kufuma mraba wangu kwa sindano ya kulabu. Mzunguko wa kumi umekamilika. Mraba una upana wa shubiri moja na vidole vitatu.

Uzi ni wa sweta la kijani la mtumba nililofumua wiki iliyopita. Nimezoea kufuma vitambaa vya makochi kwa uzi mwembamba mweupe. Hili ni blanketi la mraba, jambo jingine. Unaanza na kitanzi kimoja katikati, unazunguka, huishii popote. Kila fungu lina nguzo tatu, yaani mishono mitatu mirefu iliyosimama. Kwenye kona yanakaa mafungu mawili. Mzunguko wa kwanza una mafungu manne, wa pili manane, wa tatu kumi na mawili. Nimepiga hesabu: wa kumi una arobaini. Linaongezeka kwa manne tu kila mara, lakini linakua kama moto kwenye nyasi.

Bibi ameniuliza ni la nani. Nimesema si la mtu. Nataka kuona litafika wapi kabla uzi haujaisha. Amecheka.

Alhamisi, 10 Juni

Mdogo wangu Anjela amefika Sumbawanga kutoka Namanyere kwa basi. Miezi saba. Miguu imevimba. Mumewe, Kletus, yuko Kipili, ziwani, ananunua samaki, dagaa na migebuka. Anjela atakaa nasi hadi ajifungue. Kadi ya kliniki inasema tarehe 22 Agosti.

Hakuleta nguo hata moja ya mtoto. Kwetu hatumwandalii mtoto kitu kabla hajaja. Bibi ndiye mkali zaidi wa jambo hili. Anjela aligusa mraba wangu, Bibi akamtazama, mkono ukarudi.

Jumatatu, 14 Juni

Mzunguko wa ishirini. Uzi wa kijani umeisha, nimeunga wa kahawia. Baridi imeingia. Asubuhi maji ya kwenye ndoo yalikuwa yanauma meno.

Jumanne, 15 Juni

Anjela amejifungua leo saa nne asubuhi, hospitali. Siku sitini na nane kabla ya tarehe. Msichana. Gramu 1,350.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 16 Juni

Nimemwona. Nimewahi kuona njiwa aliyenyonyolewa akiwa mkubwa kuliko huyu. Masikio hayajakaza, yanakunjika kama karatasi yenye maji. Mgongoni ana manyoya laini. Kucha anazo, zote kumi. Nilizihesabu mara mbili. Mtu anawezaje kuwa mdogo hivi na kuwa kamili?

Nesi wa zamu alisema, "Mashine ya joto hatuna, dada. Mashine ni mama mwenyewe." Amemweka mtoto kifuani kwa Anjela, ngozi kwa ngozi, katikati ya matiti. Akaomba kitu cha sufu cha kuwafunika wote wawili. Hatukuwa na kitu. Tulikuwa na khanga mbili na gauni langu la kazini.

Nilikimbia nyumbani. Nilichukua mraba na sindano yenye kulabu ikiwa bado ndani. Nikasimama mlangoni. Niliogopa Bibi atasema nini.

Bibi akasema, "Hili ulilianza bila jina la mtu. Basi halikuandaliwa. Peleka."

Nimeliwaza neno hili mchana kutwa. Mtoto wangu mimi alikuja mwaka 1986, miezi saba vilevile. Aliishi kwa saa nne tu. Hakukuwa na kitu nyumbani kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuandaa. Sijawahi kumwambia Bibi kwamba namlaumu. Nalaumu.

Jumapili, 20 Juni

Jumapili sifumi, masista walitufundisha hivyo shuleni. Leo nimefuma. Mungu ataelewa. Mzunguko wa thelathini. Sasa linawafunika mama na mtoto kutoka mabegani hadi kiunoni.

Mzani: gramu 1,240. Amepungua. Nesi anasema wote hupungua kwanza. Simwamini, lakini sina mwingine wa kumwamini.

Anakunywa maziwa ya kukamua, kijiko kimoja kimoja. Miguu yake ni ya baridi. Hicho ndicho kipimo changu. Naingiza mkono chini ya sufu, nashika miguu. Baridi. Napaka mafuta, nashika tena.

Kitanda cha pili yuko mama mmoja wa Kisukuma kutoka Milepa, bondeni. Amemsindikiza binti yake. Amevaa makoti mawili na bado anatetemeka. Alimwuliza Bibi, "Hivi baridi hii mnailipia kodi, au mnapewa bure?"

Bibi akamjibu, "Ninyi huko bondeni jua linawapika. Sisi tunahifadhiwa."

Wodi nzima ilicheka. Hata Anjela. Mtoto alipanda na kushuka juu ya kicheko cha mama yake kama mtumbwi. Nilitaka kupiga kelele kwamba aache.

Alhamisi, 24 Juni

Mafundisho ya Bibi, nayaandika kama alivyoyasema ili nisiyachanganye.

Mtoto huyu hajafika. Yuko njiani. Asiambiwe mtu kwamba amezaliwa. Asipewe mtu hongera. Jina asipewe. Atafika siku ile ya kadi, siku ambayo miezi yake itatimia. Na kitovu kilikatwa mapema, basi uzi usikatwe. Nifume mzunguko mmoja kwa siku, nisimalize, nisikate, hadi afike.

Sijui kayatoa wapi. Mama yetu hakuwahi kuyasema. Nilimwuliza uzi ukiisha nifanye nini. Alisema, "Unga. Kuunga si kukata."

Mimi nimesoma hadi kidato cha nne. Najua kinachomweka hai ni joto, maziwa na usafi. Lakini nimekubali. Jumapili nitapumzika, Bibi karidhia hilo. Leo ni wa thelathini na nne. Nimepiga hesabu: nikienda hivyo, Jumamosi tarehe 21 Agosti nitakuwa mzunguko wa themanini na nne. Kwenye kadi ya hospitali pale pa jina wameandika "Mtoto wa Anjela".

Alhamisi, 1 Julai

Gramu 1,320. Anapanda. Nimeirudia namba hii njia nzima kutoka hospitali.

Uzi wa kahawia umeisha. Nimekwenda kwa Mama Zuhura. Mumewe ana malori mawili na duka la vitambaa, siku hizi pia wanafungua mabelo ya mitumba kutoka Tunduma. Nakumbuka miaka ya uhaba, tulivyopanga foleni tangu alfajiri kwa khanga moja ya kibali. Sasa masweta yamelala chini juu ya turubai, rundo linalonifika kiunoni, mtu anachagua kwa mguu.

Nilimwamkia, nikamwambia ninachofanya. Sikusema mtoto amezaliwa. Nilisema kuna mtoto yuko njiani na anahitaji sufu.

"Yuko njiani, na yuko wodini?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

Alinitazama kidogo. Kisha akaniingizia kwenye kiroba masweta sita yaliyoliwa na wadudu. "Haya hayanunuliwi. Akifika uje uniambie."

Ijumaa, 2 Julai

Nimefumua uani. Bibi hataki neno kufumua litamkwe chumbani wala wodini, basi kazi hiyo naifanya nje, kimya. Nesi anataka uzi uchemshwe kabla haujamgusa mtoto. Nachemsha, naanika kwenye kamba, nakunja madonge.

Sweta moja la bluu lilikuwa na wanyama weupe kifuani, wenye pembe kama matawi ya mti. Nilivuta uzi mmoja na wanyama wakaanza kwenda. Kwanza pembe, kisha kichwa, kisha miguu. Mwishoni nilikuwa na uzi wa bluu na uzi mweupe na hapakuwa na mnyama popote. Ndani ya shingo palishonwa kitambaa kidogo chenye jina la mtoto, kwa mkono, mishono midogo sana. Lugha sikuijua. Mama wa huko alikaa mahali penye mwanga akashona. Mwanawe akakua, sweta likambana. Sasa liko Sumbawanga kwenye kamba yangu, linachuruzika.

Nilisimama pale hadi mikono ikafa ganzi.

Jumapili, 4 Julai

Kletus kafika kwa lori la samaki. Ujumbe ulichukua wiki mbili. Ni mtu mkubwa, mlango anauingia kwa ubavu. Alimtazama mtoto muda mrefu, akasema, "Dada, hata mgebuka anamzidi."

Nilikasirika. Halafu nikaona machozi yamemfika kwenye ndevu.

Nesi alimwambia avue shati. Alidhani anapimwa. Nesi akamwekea mtoto kifuani, akawafunika na mraba. Bibi aligeuka ukutani kwa aibu. Mwanamume, wodini, kifua wazi, amebeba mtoto kama mama! Kletus hakuthubutu kupumua. Baada ya nusu saa niliingiza mkono nikashika miguu.

Ilikuwa ya moto. Mara ya kwanza.

Ijumaa, 9 Julai

1,450. Mzunguko wa arobaini na saba. Mafungu mia moja themanini na nane. Dakika hamsini.

Ofisini kuna orodha ya watakaopunguzwa. Wenzangu wanazungumzia hilo tu. Mimi nilikuwa nawaza namna ya kubadili rangi kwenye kona.

Jumamosi, 17 Julai

Wametuachia twende nyumbani. Gramu 1,620. Wodi imejaa, na nesi amesema tunajua kazi kuliko wanafunzi wake. Sharti: asitoke kifuani mwa mtu, mchana wala usiku, hadi afike kilo mbili. Anjela, Kletus, mimi. Tumepanga zamu, nimeziandika ukutani.

Yule mama wa Milepa naye anaondoka leo. Alimwambia Bibi, "Siku akifika, mleteni bondeni apate jua." Alitumia neno hilohilo, akifika. Sikujua kuwa alikuwa anasikiliza.

Jumatatu, 19 Julai

Utaratibu mpya. Mraba umekuwa mpana, siwezi tena kuupakata. Unakaa kitandani juu ya Anjela na mtoto. Mimi nakaa kwenye kigoda na kufuma ukingo. Nikimaliza upande mmoja nasogeza kigoda. Upande wa miguuni, upande wa ukutani, upande wa kichwani, upande wa mlangoni. Kitambaa kimetulia, mimi ndiye ninayezunguka.

Chini yake wanalala. Nikinyamaza nasikia pumzi mbili, moja ndefu na moja fupifupi kama ya kifaranga. Leo nilisimama katikati ya upande kwa sababu nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Pumzi fupi nne, kisha ndefu, zikaenda pamoja na kulabu yangu. Mara tatu, nne.

Jumanne, 20 Julai

Kosa.

Nilikuwa nimesogeza kigoda kwenye kona ya tatu nikaona kona haielekei kona ya kitanda. Nilidhani limevutwa. Nikalinyoosha. Halinyooki. Mraba wote umepinda. Kona zimesogea kama mishale ya saa, kila moja imepita mahali pake kwa shubiri nzima.

Nimeangalia fungu kwa fungu. Hakuna fungu lililorukwa. Hesabu ni sahihi. Kosa ni dogo sana na nimelifanya kila mahali. Kila fungu huketi kidogo pembeni ya nafasi yake, upande uleule, kwa sababu nazunguka upande mmoja tu bila kugeuza. Unywele mmoja. Mara mizunguko hamsini na sita.

Kwenye kitambaa cha kochi halionekani, unamaliza kabla halijakua. Sijawahi kufuma kitu kikubwa kiasi cha kuona kosa hili.

Nilisema, "Itabidi nifumue." Nilisema kwa sauti, chumbani.

Bibi alisimama. Sijamwona akisimama haraka hivyo miaka mingi. "Mela!" akaniita kwa jina. "Mtoto yuko chini yake!"

Jumatano, 21 Julai

Bibi hasemi nami. Nimefuma wa hamsini na saba kwa upande uleule, umezidi kupinda. Nimekaa na karatasi na rula. Nimechora. Kurudi siruhusiwi. Kukata siruhusiwi. Kusimama siruhusiwi. Na kuendelea ni kulipinda.

Alhamisi, 22 Julai

Nimepata. Ni rahisi hata naona aibu. Nageuza. Nakunja ukingo juu, natazama upande wa nyuma, nafuma kurudi nilikotoka. Unywele mmoja, upande wa pili. Sifuti nilichofanya. Nakiegemeza.

Bibi aliniona nazunguka kitanda kinyume. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia. Akafikiri, akasema, "Hapo sawa." Akaniletea uji wa ulezi.

Jumatatu, 26 Julai

Mzunguko wa sitini na moja. Upepo haukomi. Unapita chini ya mlango, tumeziba kwa viroba. Sikupenda rangi ya mtoto leo jioni. Anjela anasema ni kivuli cha pazia.

Jumatano, 28 Julai

Naandika kwenye benchi la hospitali. Nataka kuandika kwa mpangilio.

Leo sikwenda kazini, rangi ya mtoto ilinizuia. Saa tatu na robo asubuhi Anjela alipiga kelele. Mtoto alikuwa kifuani kwake, rangi ya majivu, midomo ya bluu. Hapumui. Bibi alimpiga nyayo kwa kidole. Hakuna. Akampiga tena. Hakuna. Mimi nilikuwa nimeshika kulabu na sikuweza kuiachia. Bibi akaweka mdomo puani pa mtoto, akavuta, akatema, akapiga nyayo mara ya tatu. Mtoto akavuta pumzi. Ilikuwa sauti ndogo kama mlango wa kabati.

Kletus alivua shati, akamfunga mtoto kifuani kwa khanga, Anjela akamzungushia mraba wote, mikunjo miwili, Kletus akatoka. Hakukuwa na muda wa kutafuta gari. Uzi ulikuwa umeshikana na donge, na donge lilikuwa kwangu. Mkasi ulikuwa mezani. Niliuona. Bibi pia aliuona. Hakuna aliyeushika.

Basi tulikwenda hivyo. Kletus mbele akitembea kama mtu anayepanda mlima, mimi hatua kumi nyuma na donge mikononi, uzi ukining'inia kati yetu, Anjela pembeni. Tulipita sokoni katikati. Siku ya watu wengi. Kijana mmoja wa mitumba alipaza sauti, "Dada, huyo mshikaji umemfunga kamba asikukimbie?" Wenzake wakacheka.

Anjela akasema, "Ana mtoto humo ndani." Hakusema kwa sauti kubwa.

Yule kijana akaona. Akaruka juu ya turubai lake. "Pisheni! Pisheni uzi! Msiukanyage!"

Na watu wakapisha. Sitasahau. Mwanamke mwenye beseni la nyanya aliinama, uzi ukapita juu yake. Mzee mmoja aliunyanyua kwa fimbo ili baiskeli ipite chini. Mwenye baiskeli akashuka. Kutoka mwisho mmoja wa soko hadi mwingine, watu nisiowajua, wameshikilia uzi wa sufu usiguse chini, bila kuuliza kwa nini. Nilisikia ukimya ukitutangulia. Sijawahi kuona soko la Sumbawanga likinyamaza.

Mlangoni kwa hospitali nesi alichungulia ndani ya mraba. "Anapumua," akasema. "Ingieni."

Homa ya mapafu inaanza. Sindano kila baada ya saa sita.

Nimefuma wa sitini na tatu hapa kwenye benchi, mraba ukiwa juu ya Kletus na mtoto. Sikujua nifanye nini kingine.

Ijumaa, 30 Julai

Hajafa. Ndiyo taarifa.

Ninaogopa kiasi kwamba ninakuwa mkali kwa kila mtu. Nilimgombeza Kletus kwa sababu alikohoa.

Nimemwambia Bibi kuhusu mwaka 1986. Sikupanga. Tulikuwa tumekaa nje ya wodi. Nilimwambia kwamba wangu alikufa kwa baridi kwa sababu ya mwiko wake. Alikaza fundo la khanga yake. Kisha akasema, "Najua. Kwa nini unadhani nilikuruhusu huu mraba?"

Naona nitahitaji miaka ya kulielewa jibu hilo.

Jumapili, 1 Agosti

Homa imeshuka. Amekunywa vijiko kumi na viwili. Nimekaa mikono mitupu, Jumapili, nikamtazama tu. Ana mkunjo kwenye paji la uso kama karani aliyepoteza jalada.

Alhamisi, 5 Agosti

Gramu 1,980. Tumerudi nyumbani. Mzunguko wa sabini. Kona zimeanza kurudi, nimepima kwa rula: zimerudi vidole vinne.

Jumanne, 10 Agosti

Uzi umebaki donge moja. Hesabu yangu ilikosea, kila mzunguko unakula zaidi. Mama Zuhura hana, belo jipya halijafika. Nilifungua sanduku, nikatoa sweta langu la shule, la rangi ya damu ya mzee. Kidato cha kwanza hadi cha nne. Kiwiko cha kulia nilikishona mwenyewe mara tatu.

Nilidhani nitasikia uchungu. Nilivuta uzi, ukaja bila kukatika, kuanzia shingoni hadi mikononi. Uzi mwingi kuliko nilivyodhani. Nikachemsha, nikakausha, nikaunga.

Jumamosi, 14 Agosti

Ananyonya mwenyewe. Ziwa, si kijiko. Anjela alilia kwa maumivu na kwa furaha, akasema hajui kipi ni kipi. Kletus alitaka kumwambia jirani hongera itolewe. Bibi akamtolea macho. "Wiki moja, bwana. Umevumilia mawimbi na samaki, utashindwa na wiki?"

Alhamisi, 19 Agosti

Kliniki: gramu 2,340. Nesi ameita wenzake watatu waje kuona. Amegonga mzani kwa kidole, kuhakikisha. Mzunguko wa themanini na mbili.

Jumamosi, 21 Agosti

Mzunguko wa themanini na nne. Nguzo elfu moja na nane. Nimeanza saa nane na nusu mchana, nimemaliza saa kumi.

Kisha, wakati Kletus amembeba mtoto, tuliutandaza mraba chini, sakafu nzima, tukasogeza meza. Kona zimerudi mahali pake, kila moja inaelekea kona ya chumba. Lakini katikati hakukurudi. Katikati kumebaki kumepinda, kijani na kahawia na bluu vinazunguka kama maji yanayoshuka kwenye shimo, kisha taratibu vinajinyoosha hadi ukingoni kwenye damu ya mzee. Nisingeweza kulichora hata kama ningeambiwa. Mimi ndiye niliyelifanya na silijui.

Mafungu elfu kumi na nne, mia mbili na themanini, na kitanzi kimoja. Tulisimama ukutani, hakuna aliyetaka kulikanyaga.

Jumapili, 22 Agosti

Baada ya misa. Bibi alivaa khanga zake mpya. Aliomba kiti. Anjela akamketisha mtoto mapajani mwa Bibi, amefunikwa, uzi bado unaning'inia.

Bibi alimshika mkono kama unavyomshika mgeni mlangoni. Akasema, "Karibu, kitukuu. Pole na safari. Umetoka mbali, na njia ilikuwa mbaya."

Halafu akanigeukia. "Kata."

Nilikata. Nikapitisha mwisho kwenye kitanzi, nikavuta. Uzi haukutoa sauti yoyote.

Ndipo wote tukaanza kupeana hongera kwa pamoja, kama watu waliozuiliwa kucheka kanisani. Kletus alitoka nje akapiga kelele barabarani kwamba amepata binti. Jirani akamwuliza, "Lini?" Akajibu, "Leo!"

Ataitwa Veronika. Mama Zuhura nimempelekea habari mwenyewe.

Jumatano, 25 Agosti

Nimetoka masjala saa tisa na nusu. Upepo umetulia. Anjela alikuwa anafua uani, Bibi amesinzia.

Niliingia kumwangalia Veronika. Alikuwa peke yake kitandani. Nilisimama nikidhani kuna jambo, kwa sababu sufu ilikuwa imeanguka chini upande wa ukutani. Hakuna mtu aliyeiangusha. Yeye ndiye aliyeipiga teke. Alikuwa macho, anatazama dari, miguu inapiga hewani, polepole, mmoja kisha mwingine.

Niliishika miguu. Ilikuwa ya moto. Hakuwa kifuani mwa mtu, hakukuwa na kitu juu yake. Joto lilikuwa lake.

Niliokota mraba, nikaukunja, nikauweka kwenye kiti. Sikumfunika.